Nyumba ya magurudumu jangwani: Chagua likizo vyema

JE, una ndugu au shangazi anayeishi Marekani? Basi usishangae siku moja ukienda kumtembelea pamoja na watoto, akikualika katika safari ambayo Wamarekani wenyewe huipenda mno: kukodi gari lililo nyumba na kuzuru majangwa na makorongo ya magharibi mwa nchi hiyo.

Ndani ya gari hilo mna vitanda, jiko la gesi, friji, choo na hata bafu. Familia ya watu watano hupika humo, hulala humo na kuamkia mahali papya kila siku. Hakuna kuhangaika kutafuta hoteli usiku, wala kumbeba mtoto aliyelala. Mama akitaka chai, gari huegeshwa panaporuhusiwa na sufuria ikatelekwa.

Wengi huanzia Las Vegas, jimbo la Nevada. Kutoka hapo hadi mbuga ya Zion, jimbo la Utah, ni kilomita 260 hivi. Kisha huenda Bryce Canyon kwenye nguzo za mawe mekundu, mji wa Page katika jimbo la Arizona, Monument Valley, na hatimaye Grand Canyon yenyewe.

Korongo hili lina urefu wa kilomita 446, na kina chake hupita mita 1,600. Mto Colorado ulilichimba kwa muda wa miaka milioni tano au sita. Mtoto anayesoma jiografia akisimama ukingoni hapo, ataelewa mara moja maana ya neno mmomonyoko.

Hata hivyo, usidanganywe na ramani. Ukingo wa kusini na ule wa kaskazini hutenganishwa na kilomita 16 hivi akipaa ndege, lakini kwa gari ni zaidi ya kilomita 340.

Hesabu ya maji

Gari hili huwa na matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyooga watu na kuosha vyombo, na la choo. Maji safi yakiisha jangwani, hakuna jirani wa kuombwa ndoo. Familia zinazoishi katika mitaa ya Nairobi ambako mfereji hukauka kila wiki zitajikuta tayari zina ujuzi: kuoga kwa haraka, na maji ya kunywa kuwekwa kando.

Maji taka nayo hayamwagwi barabarani. Kuna vituo maalum ambako bomba huunganishwa na tangi likamwagwa. Mkubahatishwe mapema ni nani atakayevaa glavu na kuifanya kazi hiyo! Aidha, gari hunywa petroli kwa pupa, lita 25 au zaidi kwa kila kilomita 100. Lijazeni kila mpatapo kituo, kwani kingine huenda kikawa mbali.

Agosti ina hatari zake

Jambo kubwa la kuamua ni wakati wa kusafiri. Wazazi wengi watafikiria likizo ya Agosti. Kwa bahati mbaya, huo ndio msimu mgumu zaidi kwa mambo mawili.

La kwanza ni joto. Huko Death Valley, jimbo la California, ndiko kulikopimwa joto la digrii 56.7 za sentigredi tarehe 10 Julai, 1913. Baadhi ya kampuni za kukodisha magari haya hukataza yaingizwe huko wakati wa kiangazi. Chini ya Grand Canyon nako joto la kiangazi huweza kupita digrii 40. Kushuka ni rahisi, lakini kupanda huchukua karibu mara mbili ya muda huo. Ndiyo maana wasimamizi wa mbuga huonya watu wasijaribu kushuka hadi mtoni na kurudi siku hiyo hiyo.

La pili ni mvua. Tarehe 12 Agosti, 1997, watalii 11 walikufa katika korongo jembamba la Antelope, karibu na Page. Mvua kubwa haikuwa juu ya vichwa vyao. Ilinyesha mbali, kisha maji yakaja kwa ghafla. Nasi Wakenya twalijua jambo hili, kwani Septemba 2019 watu saba walifikwa na mauti kwa njia hiyo hiyo katika korongo la Hell's Gate, Naivasha. Kwa hivyo mwongozaji akisema leo hakuingiliki, usimbembeleze wala kumwongezea pesa.

Likizo ya Aprili ni afadhali zaidi. Joto huwa la wastani, ingawa usiku ni baridi na sweta zinahitajika. Ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon huwa ungali umefungwa kwa theluji, lakini ule wa kusini hufunguliwa mwaka mzima.

Kwa watu ni kwa watu

Kumbuka pia kwamba Monument Valley na Antelope ziko katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wenye serikali yao. Pombe hairuhusiwi huko, na Antelope huingiwa pamoja na mwongozaji tu. Kiangazi, saa zao hutangulia za Arizona kwa saa moja, kwa hivyo ulizeni msije mkachelewa. Magari-nyumba hayaruhusiwi katika barabara ya vumbi inayozunguka ndani ya Monument Valley. Huko Zion nako, njia ya chini ya mlima iliyofunguliwa mwaka 1930 ilijengewa magari madogo. Ulizeni kwanza njia ya magari makubwa.

Na watoto wakinuna kwa kuwa korongo moja limeahirishwa, waacheni wanune. Korongo halihami. Muhimu ni idadi ya waliopanda garini iwe ndiyo idadi ya watakaoshuka mkifika nyumbani.