Hofu Haina Bajeti

Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, kilianzia Kinondoni, kikaingia Ilala na Temeke, kisha kikasambaa mikoani. Ndani ya mwaka mmoja waliougua walizidi 20,000. Kambi za matibabu zilifunguliwa, vidonge vya kutibu maji vikagawiwa. Mwaka 2020 UVIKO-19 nao ukaleta ndoo za maji tiririka madukani na kwenye vituo vya daladala. Leo nyingi kati ya ndoo hizo koki zimekatika na ndani mna vumbi tu. Tusiwalaumu wananchi kwa uvivu. Ndoo zililetwa na hofu, na hofu ilipoondoka hapakuwa na mtu aliyepangiwa kuzijaza. Huduma iliyozaliwa wakati wa dharura hudumu ikipata mwenyewe, fungu la fedha na kazi ya kila siku.

Oksijeni inaonyesha hivyo. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, uliogharimia pia mitambo ya oksijeni hospitalini. Mtambo huvuta hewa ya kawaida, hunasa naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Oksijeni iliyotafutwa kwa ajili ya UVIKO-19 ndiyo anayoihitaji mtoto mwenye nimonia au mama anayefanyiwa upasuaji. Kazi ya kila siku ipo; kinachotakiwa ni umeme, vichujio na mshahara wa fundi.

Wapo watakaosema fedha ni chache, na kwamba Mbagala au Bunju watu wanasumbuliwa zaidi na malaria na matatizo ya uzazi. Ni kweli, na si kila kitu kinastahili kubaki: kambi ya kipindupindu ikimaliza kazi ifungwe. Lakini masika yakirudi na watu wakatapisha vyoo kwenye mitaro, ugonjwa hurudi kwa njia ileile. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kufikia zaidi ya wahudumu 137,000 katika miaka mitano, unaunganisha mahitaji yote mawili. Anayepita nyumba kwa nyumba kuwafuatilia wajawazito ndiye atakayewahi kugundua kuwa kuharisha kumezidi mtaani. Posho yake ikichelewa, macho hayo yanafumba. Basi kwenye mkutano wa mtaa tuulize mapema, kabla ya mvua: posho hiyo iko fungu gani, na ndoo ya zahanati anaijaza nani?