Kabla Hujalipia Mashine ya Kukata Nakshi, Soma Kibati Chake Kwanza

Leo hatuongelei PIN wala ada za kutuma. Tunaongelea mbao. Lakini mkituvumilia, mtaona kwamba tumerudi palepale kwenye pesa yenu.

Mteja wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Keroka, alitupigia Jumatatu moja asubuhi baada ya bonasi ya chai kuingia. Alikuwa amenunua mashine mtandaoni kwa shilingi 14,500, akamtumia muuzaji pesa yote mara moja. Mashine ilifika kweli, ndani ya katoni, kwa matatu kutoka Nairobi. Alitaka kuanza kukata vibao vya majina na vishikio vya funguo vyenye umbo la obokano, jambo analolipenda tangu utotoni. Akaichomeka kwa adapta. Ikanguruma kwa kasi ya ajabu kwa sekunde chache, kisha ukatoka moshi. Alipoigeuza na kusoma kibati nyuma ya mota, kiliandikwa volti 120, 60 Hz. Muuzaji hashiki simu. Mwalimu akatuomba tumrudishie pesa yake, na hatukuweza.

Tutaeleza kwa nini hatukuweza. Kwanza tuelewane kuhusu mashine yenyewe.

Wauzaji huiita skrolisoo. Ni msumeno mdogo wa mezani wenye bledi nyembamba kama uzi wa chuma, iliyoshikwa juu na chini, inayopanda na kushuka. Wewe unaisukuma mbao kwa mikono miwili na kuizungusha kufuata mchoro. Isichanganywe na jigsoo, ile ya kushika mkononi ambayo mafundi wengi wa milango na vitanda wanayo. Jigsoo ni nzuri kwa kukata mbao nene haraka, ila ukiipa kona ndogo itararua mbao. Skrolisoo ni ya kazi ya polepole: herufi, maua, wanyama, ramani ya Kenya ya kuchezea watoto iliyokatwa kaunti kwa kaunti.

Sasa kile kibati. Stima ya Kenya ni volti 240, 50 Hz. Video nyingi utakazoziona YouTube zimetengenezwa Marekani, na mashine zinazosifiwa humo, kama DeWalt DW788 au WEN 3921, ni za stima ya huko, volti 120. Ni mashine nzuri, hatuna ubishi. Lakini ikichomekwa ukutani hapa Nyamira inapokea volti mara mbili ya ile iliyotengenezewa. Adapta ya plagi haibadilishi volti hata moja, inabadilisha umbo la meno tu. Hapo ndipo watu wengi hukosea, na si kwa ujinga: neno adapta linasikika kama kitu kinachorekebisha mambo. Ukitaka kutumia mashine ya Marekani unahitaji transfoma ya kushusha volti, na hata hivyo ile 50 Hz yetu haibadiliki, kwa hiyo mota za aina fulani zitazunguka polepole kuliko kawaida na kupata joto. Ukijumlisha bei ya transfoma, ile bei poa ya mashine si poa tena.

Mashine iliyotumika kutoka Uingereza ni afadhali, maana plagi yao ya meno matatu ni sawa na yetu na stima yao inalingana na yetu. Kuna mtego mmoja tu. Vifaa vya kazi za ujenzi vya Uingereza hutumia volti 110, na plagi yake ni ya mviringo na ya rangi ya manjano. Ukiiona hiyo, au ukiona imekatwa na kuwekwa nyingine mpya, uliza maswali. Za Ujerumani kama Scheppach na Einhell zina matoleo ya volti 230, hizo hufanya kazi kwetu bila shida. Plagi ya meno mawili ya mviringo unaibadilisha kwa fundi wa stima, aweke ya meno matatu yenye fyuzi ndogo.

Jambo la pili ni bledi, na kwa maoni yetu hili ndilo linaloamua kama mashine yako itafanya kazi miaka mitano au itakaa chini ya kitanda. Bledi za skrolisoo kwa kawaida zina urefu wa inchi 5. Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ina kipini kidogo kinachopita kando kwenye kila ncha, unaining'iniza tu kwenye ndoano. Ni rahisi kubadilisha, na mashine nyingi za bei ya chini hukubali hiyo peke yake. Aina ya pili haina kipini, ncha zake ni bapa na hubanwa kwa skrubu.

Tofauti yake utaiona siku ya kwanza. Chukua jina Moraa. Lina mashimo matatu ya ndani: la o moja na la a mbili. Ili kukata shimo la ndani lazima utoboe mbao kwa drili, upitishe bledi katika tundu hilo, uifunge tena kwenye mashine ndipo ukate. Bledi yenye kipini inahitaji tundu kubwa la kupitisha kile kipini, kwa hiyo kwenye herufi ndogo tundu linakula nafasi yote na hakuna cha kukata tena. Bledi isiyo na kipini inapita kwenye tundu jembamba sana. Basi tafuta mashine inayokubali aina zote mbili. Usiridhike na maneno ya muuzaji: mwambie akuonyeshe vile vibanio vya skrubu, juu na chini, na uvikaze mwenyewe kwa mkono.

Na kabla ya kununua mashine, nunua bledi kichwani. Tunamaanisha hivi: piga simu kwenye maduka ya vifaa pale Kisii mjini, uulize kama wanazo za inchi 5 na dazeni ni pesa ngapi. Wengine watakuletea za jigsoo, ambazo haziingii kabisa. Kama itabidi uagize Nairobi kila mara, agiza dazeni mbili au tatu pamoja na mashine, na uziweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Bledi hizi hukatika. Mgeni wa kazi hii huzikata nyingi zaidi, kwa sababu anasukuma mbao kwa nguvu au hajakaza bledi vizuri.

Mengine tutayapitia haraka. Shingo ya inchi 16, yaani nafasi kati ya bledi na mkono wa nyuma, inatosha kazi za nyumbani. Kasi iwe ya kubadilishwa, kwa mfano kuanzia mapigo 400 hadi 1,600 kwa dakika, kwa sababu plaiwudi nyembamba na mbao ngumu hazitaki mwendo mmoja. Meza yake iweze kuinama hadi digrii 45. Mbao ya unene wa inchi 2 ndiyo kiwango cha juu kwa mashine nyingi za aina hii, na ukiikata utahitaji subira.

Kuna kipimo kimoja cha mtaani tunachokipenda. Mashine ikiwa juu ya meza imara, simamisha sarafu ya shilingi 20 kwa ukingo wake juu ya ile meza ya mashine, kisha washa mwendo wa chini na uongeze polepole. Sarafu ikianguka hapo hapo, mashine inatetemeka sana na mistari yako itakuwa ya mlevi. Ikisimama hadi mwendo wa kati, hiyo ni mashine ya kuheshimu. Mtetemo kidogo unaweza kupungua ukiifunga kwa bolti kwenye benchi, lakini kelele ya vyuma kugongana haiponi kwa bolti.

Tunajua swali linalokuja, kwa sababu hii ni Kisii: je, inakata jiwe? Jiwe letu la sabuni ni laini kweli, mafundi wa Tabaka hulichonga kwa panga, msumeno wa mkono na tupa, na kulisugua kwa msasa na maji. Kipande chembamba kinaweza kukatika kwenye skrolisoo. Lakini bledi ya mbao itaisha meno upesi, na vumbi la jiwe litaingia kwenye mota na kwenye mapafu yako. Maji nayo hayafai karibu na mashine ya stima ambayo haikutengenezewa maji. Ukitaka jiwe, nenda Tabaka ukajifunze kwa wenyewe. Na hata kwa mbao, vaa barakoa na miwani, hasa ukikata emdiefu, vumbi lake ni laini mno.

Stima yake si ya kuogopesha. Mashine ya wati 120 inaendeshwa na unit moja ya tokeni kwa saa 8 na zaidi. Cha kuogopa ni radi. Sisi wa milima hii tunaijua mvua ya alasiri. Wingu likianza kuwa jeusi, usizime swichi tu: chomoa plagi ukutani.

Sasa turudi kwa mwalimu na zile 14,500.

Ombi la kurudisha pesa kwenye huduma yetu liliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Ulitaka kumtumia dada yako, ukabonyeza 7 badala ya 1. Hata hapo, inawezekana tu kama aliyepokea hajaitoa. Mwalimu hakukosea namba. Jina la mpokeaji lilitokea kwenye simu, akalikubali, akaweka PIN. Kwetu hayo ni malipo yaliyokamilika, na ugomvi ni kuhusu bidhaa. Sheria iko upande wake: Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji, na iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Lakini ili haki hiyo imsaidie, anahitaji kumjua muuzaji, risiti, na maandishi yanayoonyesha aliahidiwa nini. Mwalimu alikuwa na ujumbe wa malipo peke yake, wenye jina la mtu ambaye si lile la ukurasa aliouona.

Kwa hiyo kama mashine iko Nairobi, omba mambo mawili kwa WhatsApp kabla ya kuongelea malipo: picha ya kibati cha mota isomeke vizuri, na video ya mashine hiyo hiyo ikikata mbao. Mwambie ataje tarehe ya leo kwenye video. Muuzaji wa kweli ataona ni usumbufu kidogo lakini atafanya. Halafu mtume mtu. Ni nani Kisii hana mpwa au shemeji Nairobi? Aende dukani na sarafu yake ya shilingi 20, aiwashe, akupigie, ndipo wewe ulipe kwa namba ya till ya duka ukiwa huku nyumbani. Jina la duka litokee kabla ya PIN. Likitokea jina la mtu usiyemjua, simama hapo. Risiti iandikwe modeli, namba ya mashine, volti, na siku za waranti. Kama hakuna wa kumtuma, sisitiza kulipa unapopokea, na kama ni lazima utoe kitu mbele, kiwe kile ambacho kikipotea utalala usingizi.

Ukinunua moja kwa moja kutoka nje ya nchi, kumbuka bei ya kwenye tovuti si bei ya kufika Nyamira. Kuna usafiri, ushuru na tozo za forodha, na VAT ya 16%.

Jingine tulitaje, ingawa wenzetu wa idara ya mikopo hawatafurahi: usikope kwa simu kununua mashine ya kujifurahisha. Anza na msumeno wa mkono wenye fremu ya upinde na bledi nyembamba, bei yake ni sehemu ndogo sana ya mashine. Kata nao miezi miwili. Ukiona bado unatamani kila jioni, weka shilingi 100 kila siku kwenye akiba ya simu. Kwa siku 180 una 18,000, na pengine bonasi nyingine itakuwa imekaribia.

Mwalimu alipeleka ile mota kwa fundi wa kusuka mota, akaambiwa kuisuka upya kungegharimu karibu bei ya mashine nyingine. Akaiacha. Aliweka akiba polepole, na mpwa wake akaenda dukani Nairobi, akakaa kwenye simu naye dakika arobaini hivi akimsomea kibati herufi kwa herufi. Iliandikwa volti 220 hadi 240, 50 Hz, na vibanio vya aina zote mbili vipo. Wiki iliyopita alitutumia picha ya obokano ndogo ya mkaratusi, nyuzi zote nane zimekatwa wazi. Alisema bledi sita zilikatika kwenye nyuzi tatu za kwanza.