Paka Asiyetakiwa: Tusimtupe, Tumtafutie Mwenyeji

Ni nani kati yetu hapa Nakwa ambaye hajawahi kusikia vilio vya watoto wa paka kutoka katika kiroba kilichotupwa kando ya njia? Paka wa nyumbani amezaa, watoto wamekuwa wengi, na mwenye nyumba ameamua "kuwapeleka mbali". Tunadhani hapo shida imekwisha. Mwezi huu tunapenda kueleza kwa nini haijaisha, na nini kifanyike.

SHIDA INAYORUDI NYUMBANI

Paka aliyetupwa, kama hakufa kwa njaa, hugeuka kuwa paka shume. Hula majalalani, huiba vifaranga na hupigana usiku na paka wengine. Hakuna anayempeleka kwenye chanjo. Kichaa cha mbwa, ingawa kina jina hilo, humpata paka pia, naye humwambukiza mtu kwa mate yake anapomng'ata au kumparura. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila mara. Na wanaomkimbilia paka mgeni ili wamshike ni watoto wetu.

Aliyeng'atwa aoshwe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo hutolewa zaidi ya mara moja, nazo zikamilishwe zote.

MAMA MJAMZITO NA PAKA

Ugonjwa mwingine ni toksoplasmosi. Paka huupata kwa kula panya au nyama mbichi, na vimelea hutoka katika kinyesi chake. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akadhurika macho au ubongo. Kwa hofu hiyo wengine humfukuza paka. Si lazima. Vimelea hivyo huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza. Basi kinyesi kizolewe kila siku, na mtu mwingine. Mama anawe mikono baada ya kulima bustani, mboga zioshwe vizuri, na nyama iive kabisa.

WENZETU WANAFANYAJE?

Huko Kenya kipo chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, KSPCA, kilichoanza mwaka 1910. Makazi yake ya wanyama yapo Karen, Nairobi, na hupokea mbwa na paka waliotupwa au walioshindikana kwa wenyewe.

Kazi ya makazi ya namna hii haina siri. Paka mgeni hutengwa kwanza, aangaliwe kama ana ugonjwa. Hupewa dawa ya minyoo, huchanjwa na kuhasiwa. Ndipo hutafutiwa mwenyeji, naye huulizwa kama kweli ana nafasi na chakula cha kumpa.

Kuhasi ndiyo shina la kazi yote. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba yake huchukua siku 63 hadi 65. Akizaa watoto wanne mara mbili kwa mwaka, tayari ni wanane. Bila kuhasi, hakuna makazi yatakayotosha.

TUNAWEZA NINI HAPA KWETU?

Kazi hiyo tunaweza kuifanya majumbani mwetu:

1. Watoto wa paka wakae na mama yao hadi wiki 8. Wakiondolewa mapema hudhoofika na kufa.

2. Tuwaulize majirani kabla hawajakua. Mwenye ghala la mahindi au mbaazi anasumbuliwa na panya, huenda anamtafuta paka.

3. Paka apewe dawa ya minyoo, na akifikisha miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa. Tumwone bwana mifugo.

4. Mwenyeji mpya amfungie ndani wiki mbili au tatu, amlishe hapo. Akiachwa mapema atatoroka kurudi alikotoka.

5. Nyumba yenye paka isitege sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu, naye aweza kufa.

6. Paka mkubwa, dume au jike, ahasiwe na daktari wa mifugo. Majirani wakichanga pamoja na kumwita siku moja, mzigo wa gharama utapungua.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtendea mnyama ukatili. Lakini hata bila sheria, mtoto anayemwona baba akifunga kiroba kile anajifunza jambo. Afadhali ajifunze kubisha hodi kwa jirani na kusema, "Shikamoo mama, tuna mtoto wa paka, mtampokea?"