Mtoto wa delta atasomea wapi kompyuta?

Msomaji, ikiwa unaishi Mombasa au Nairobi na mwanao yuko Gredi ya 9, yamkini mmekwisha kuzungumza mezani juu ya kile atakachosomea mbele. Hebu lifikirie jambo hilohilo ukiwa Golbanti, katika delta ya Mto Tana, upande wa Garsen.

Golbanti si kijiji cha jana. Wamethodisti walifungua kituo chao huko miaka ya 1880, wakati Nairobi haijawa hata kambi ya reli. Delta hii ni ya wakulima wa mpunga na maembe na ya wafugaji wa ng'ombe, na mto ukifura watu huhama. Ulifura 2018, ukafura tena mwishoni mwa 2023.

Tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wamo katika sekondari pevu, yenye mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, kisha sanaa na michezo. Mawasiliano ya kidijitali yamo katika mkondo wa kwanza, kupitia masomo ya Kompyuta na Teknolojia ya Midia. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 15 aweza kuanza ufundi ambao zamani wengi waliufuata Nairobi, katika chuo kama KIMC kilichoanzishwa 1961, baada ya kumaliza Kidato cha Nne.

Lakini somo halifundishwi kwa kuandikwa tu kwenye mtaala. Lahitaji mwalimu, umeme na mashine zinazofanya kazi. Hata katika 8-4-4, ambayo watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE ni wa 2027, mtahiniwa wa Kompyuta ana karatasi ya nadharia, ya vitendo, na mradi. Niambie, mradi huo utafanywaje shule ikiwa imezingirwa na maji?

Wanafunzi hao wa kwanza walichagua shule 12 kila mmoja. Hapo ndipo mzazi wa delta hukwama. Ikiwa shule yenye maabara ni ya bweni na iko mbali, karo na nauli humfanya achague iliyo karibu, na mkondo ukachaguliwa na mfuko badala ya kipawa.

Wako wanaosema simu ya mkononi yatosha. Sikubaliani nao. Simu itarekodi sauti na kuhariri picha, naam, lakini kuandika programu kwa kidole gumba ni adhabu.

Wala jambo hili si la ajira peke yake. Kati ya Agosti 2012 na mapema 2013, mapigano ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100. Mahali kama hapo, kijana ajuaye kupima ujumbe kabla ya kuusambaza, au kutangaza onyo la mafuriko kwa lugha zote mbili, ana kazi nzito ya kufanya.

Ikiwa una mpwa huko, usingoje fomu ijazwe. Ipigie simu shule anayoitaka, uulize ni kompyuta ngapi zinawaka leo, na kama mwalimu wa somo yupo au bado anatarajiwa. Likizo ya Agosti mwalike mjini, na umpishe kwenye kompyuta ya nyumbani saa mbili kila siku. Wa kwako atanung'unika siku ya kwanza, ya tatu atakuwa ameketi kando yake.