Ng'ombe wa Udongo na Kona 57: Michezo ya Sikukuu kwa Watoto Wadogo wa Chimala

Desemba ikifika Chimala, kalenda mbili hugongana. Shule zinafungwa na watoto wanarudi nyumbani, lakini mvua nazo zimeanza kunyesha katika bonde la Usangu, na kwa kaya inayoishi kwa mpunga huo si mwezi wa kupumzika. Kuna mbegu za kumwaga kitaluni, kuna majaruba ya kulima na kusawazisha, kuna zamu ya maji ya mfereji ambayo haisubiri Krismasi ya mtu. Kati ya wazazi wanaotoka alfajiri na kaka na dada waliofunga shule, yupo mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ambaye hana shule ya kufunga wala shamba la kulima. Ushauri unaotolewa mara nyingi kuhusu michezo ya sikukuu kwa mtoto wa umri huo huanzia dukani: nunua rangi, gundi, karatasi za kung'aa, kisha mtengeneze pambo la ukutani. Ushauri huo unaanzia mahali pasipofaa. Kwa mtoto mdogo, mchezo bora wa sikukuu ni ule unaotoshea ndani ya robo saa, unaotumia vitu vilivyopo uani, na ambao hauwezi kuchezwa bila mtu mwingine kukaa kando yake na kusema naye. Pambo lenyewe linaweza kuvunjika siku hiyohiyo, na mtoto asiwe amepoteza kitu.

Ushahidi wa kuaminika juu ya jambo hili umetoka Kingston, mji mkuu wa Jamaika. Katika miaka ya 1980 mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 wa mitaa ya kimaskini, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, ambao tayari walikuwa wamedumaa. Baadhi ya familia zilipewa maziwa ya kuongeza lishe kila wiki. Nyingine zilitembelewa na mhudumu wa afya wa jamii. Nyingine zilipata vyote viwili. Na nyingine hazikupata kimojawapo. Mhudumu alikaa nyumbani kama saa 1 kwa wiki, kwa muda wa miaka 2, akimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye wakati wa kucheza. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa mkono kutokana na vitu vya kawaida vya nyumbani, vikaachwa pale, na wiki iliyofuata vikabadilishwa. Watoto hao walipofuatiliwa miaka 20 baadaye, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Science yalionyesha kwamba waliochezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao ambao hawakuchezeshwa. Maziwa peke yake hayakuacha faida ya kudumu iliyoweza kupimwa. Hilo halina maana kwamba chakula si muhimu, kwani mtoto mwenye njaa hachezi. Maana yake ni kwamba tumbo likishiba bado kuna sehemu ya mtoto inayodai kulishwa, na chakula chake ni muda wa mtu.

Anayeona Jamaika ni mbali atazame Lira, kaskazini mwa Uganda. Huko wazazi wa watoto wa chini ya miaka 3 walihudhuria vikao 12 vilivyoongozwa na watu wa kujitolea kutoka jamii yao, wakifundishwa kucheza na kuzungumza na watoto. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba uwezo wa watoto hao wa kufikiri na kuelewa lugha ulipanda, na mama zao walipungukiwa na dalili za sonona. Kwetu Nyanda za Juu Kusini somo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, lakini Iringa, mkoa unaovuna mahindi kwa wingi, ilifikia asilimia 57. Sababu ni nyingi, zikiwamo mlo wa aina moja na usafi wa maji, lakini moja inayotajwa kila mara ni mzigo wa kazi za mama: mwenye shamba kubwa ndiye asiye na muda wa kumlisha na kumtazama mtoto. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ililiona hilo. Iliweka malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe na ulinzi, kama mambo matano yasiyotenganishwa.

Tuanze basi na udongo. Nyanda hizi zina wafinyanzi mashuhuri, wanawake wa Kikisi wa Ikombe kule Kyela, ambao vyungu vyao huvushwa kwa mitumbwi hadi Matema, na chungu chochote, hata kiwe kizuri namna gani, huanza na tonge. Mpe mtoto tonge la udongo wa mfinyanzi linaloenea kiganjani mwako, lililokandwa mpaka liache kunata vidoleni. Mtoto wa miezi 15 atabonyeza kwa kidole, atakitoa, atalitazama shimo, kisha atabonyeza tena palepale. Hapo ndipo kazi ya mkubwa inapoanza, nayo ni ya maneno machache tu: umebonyeza, shimo limeingia, tutie nini humu? Mtoto wa miaka 2 ataviringisha tonge mpaka liwe nyoka. Mtoto wa miaka 3 atabandika miguu minne isiyolingana na kukuambia huyo ni ng'ombe. Usimsahihishe. Muulize anakula nini, analala wapi, nani amemfunga. Kwa familia ya Kikristo, ng'ombe huyo anaweza kupelekwa kwenye hori la Krismasi pamoja na kondoo wasiofanana na kondoo. Kwa familia ya Kiislamu, Idi inapofika, udongo uleule utafinyangwa mwezi na nyota. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na methali hiyo huwa tunaitumia tunapotaka kumwadibu mtoto. Inafaa tuikumbuke pia tunapotaka kucheza naye.

Baada ya udongo kuna vingine, na vyote havina bei. Gunzi la hindi lililofungwa kitambaa kiunoni na kingine mgongoni ni mama aliyebeba mtoto. Mtoto wa miaka 2 atamlaza, atamfunika, atamnywesha uji usiokuwepo, na katika kujifanya huko ndimo fikra zinamojizoeza kushika kitu ambacho jicho halikioni. Mkrismasi, mti unaochanua maua mekundu mwezi huohuo, huangusha maua ya kutosha kupanga mstari kutoka njiani hadi mlangoni, ua moja baada ya jingine, mkubwa akisema moja, jingine, na jingine. Ganda lake refu lililokauka ni kayamba tayari, ilimradi halijapasuka. Na kwa mtoto wa Chimala upo mchezo ambao wa mji mwingine hana: mkubwa achore kwa kijiti, juu ya ardhi iliyoloweshwa na mvua, barabara ya kupanda Matamba yenye kona 57. Mtoto wa miaka 3 atasukuma gari la mabua kona kwa kona, akivuma na kupunguza mwendo. Kaka wa darasa la tatu atahesabu kona. Na mdogo kabisa ataifuta barabara yote kwa makalio yake, nao wataichora upya. Watoto watatu wa umri tofauti wamecheza mchezo mmoja, na kila mmoja amepata kilicho kimo chake.

Usalama una nafasi yake katika kila hatua, kwa sababu mtoto wa umri huu huonja kwanza kila anachokishika. Chochote kilicho kidogo kuliko kiberiti, iwe punje ya mahindi, harage, kifuniko cha soda au mbegu ya mkrismasi, asipewe aliye chini ya miaka 3, maana kitapita mdomoni au puani na kukwama. Udongo uchimbwe chini ya tabaka la juu, mbali na choo na zizi, na mikono ioshwe kwa sabuni mchezo ukiisha. Kamba ya kuvutia gari la mabua iwe fupi kiasi cha kutoweza kumzunguka mtoto shingoni. Rundo la pumba za mpunga karibu na mashine ya kukoboa si uwanja wa michezo: vumbi lake huwasha macho na koo, na rundo lililochomwa linaweza kuonekana majivu juu huku ndani linaendelea kuungua. Hatari kubwa kuliko zote ni mfereji. Maji ya kimo cha goti la mtu mzima yanatosha kabisa kumzamisha mtoto wa miaka 2, naye huzama bila kelele. Hakuna mchezo unaochukua nafasi ya jicho la mtu mzima.

Pingamizi la kwanza nalijua, nalo ni la haki: muda uko wapi? Mama aliyeinama kitaluni tangu saa 12 asubuhi hawezi kuambiwa akaketi kufinyanga ng'ombe. Lakini robo saa inapatikana wakati maji ya kuoga yanachemka, au wakati wali unapaliwa makaa, na baba naye ana mikono. Tena walioendesha michezo Kingston na Lira hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wa jamii ileile walioonyeshwa nini cha kufanya. Kwa hiyo dada wa miaka 10 aliyefunga shule, ambaye kwa desturi zetu ndiye anayeachiwa mdogo wake, anaweza kuonyeshwa mchezo mmoja asubuhi na kuuendeleza. Hapa lazima tuwe waangalifu. Dada huyo naye ni mtoto aliye likizo, na malezi ya siku nzima si mzigo wake. Awe na mtu mzima wa kumwita aliye karibu, awe bibi au jirani, na apewe saa zake za kucheza rede na wenzake. Tofauti ninayoitetea ni kati ya kumwambia mlinde mdogo wako na kumwambia mfundishe mdogo wako kitu. La pili humfanya mkubwa aseme na mdogo, na kusema huko ndiko tunakokutafuta.

Pingamizi la pili ni simu. Mtoto akipewa video anatulia, na mama anamaliza kazi. Anatulia kweli, lakini hana wa kumjibu: akionyesha kidole, video haimwambii alichokiona, akitamka neno nusu, haimmalizii. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Ndugu wa pingamizi hili ni lile la mzazi anayetaka likizo iwe ya kukaririsha herufi na maneno ya Kiingereza ili mtoto asichelewe. Vidole vilivyoviringisha udongo ndivyo vitakavyoshika penseli, na mtoto atajua mambo mengi zaidi kwa lugha inayomtoka mzazi bila kutafuta maneno, iwe Kisangu, Kinyakyusa, Kibena au Kiswahili.

Lipo pingamizi la tatu, la wazee: sisi tulikua bila utaalamu wowote, na tuko hapa. Ni kweli, ila hawakukua bila michezo. Walikua na magari ya mabua, mipira ya matambara na hadithi za jioni, ndani ya maboma yenye bibi, shangazi na binamu, ambamo mtoto hakukosa wa kumjibu. Leo kaya nyingi za Chimala ni za watu waliokuja kutafuta mashamba na biashara kando ya barabara kuu ya Zambia, na bibi amebaki Rungwe au Makete. Muda uliokuwa ukitolewa na watu kumi sasa unadaiwa kwa wawili. Kinachopendekezwa hapa ni kukipanga kwa makusudi kile ambacho boma lilikitoa lenyewe.

Kupanga huko kunaweza kuanzia mahali ambapo watu tayari wamekusanyika. Kila Desemba, kama ilivyo kila Juni, watoto wa miezi 6 hadi 59 hupelekwa kupata matone ya vitamini A, na waliotimiza mwaka 1 hupewa dawa za minyoo. Foleni huwa ndefu, mama wamekaa, watoto wamechoka na wanalia. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akija na kapu la magunzi na vitambaa, katika muda huohuo wa kusubiri kila mama anaweza kufunga mwanasesere mmoja, akamwona mtoto wake akimpokea, na akaambiwa kwa nini inafaa kusema naye anapocheza. Gharama ya kapu hilo ni kuyaokota magunzi kabla hayajatiwa jikoni.