KINDOROKO: Mlima usio na geti, lakini una wenyewe!

Vijana wa Moshi tuna ugonjwa mmoja. Mtu akisema twende mlimani, shingo zote zinageukia Kilimanjaro, halafu mmoja anauliza bei, halafu kimya.

Sasa jaribu hivi. Simama Chekereni asubuhi hewa ikiwa safi, mashamba ya mpunga mbele yako, Kibo umpe mgongo. Ile milima ya bluu kusini-mashariki ni Upare. Kilele kirefu kuliko vyote Pare Kaskazini ni Kindoroko, mita 2,113, juu ya Usangi, wilaya ya Mwanga.

Usicheke. Ni kweli hakifiki hata kibanda cha Mandara, kile cha kwanza njia ya Marangu. Lakini huu umevaa msitu mpaka utosini, na hapo ndipo utamu na noma vinapokutana.

Huku hakuna geti kubwa wala vibanda vya kulala. Njia nyingi utakazokutana nazo ndani hazikuchongwa kwa ajili yako, ni za wenyeji na shughuli zao. Moja inapanda vizuri, unaanza kupiga mluzi, mara inapinda kwenye kijito na kuishia hapohapo. Aliyeikanyaga alikuwa anafuata maji, kilele hakikumhusu.

Masela wengi wanadhani kazi ni kupanda. Wapi! Unapopanda, hata ukikosea, migongo ya mlima inakwenda kukutana juu. Utafika, labda umechanika suruali. Kazi ni kugeuka. Migongo ileile sasa inatawanyika, kila mmoja una bonde lake, na hatua ishirini za makosa kileleni zinakutoa kijiji kingine kabisa. Ulitaka Usangi, unajikuta unateremkia tambarare za mpakani na Kenya.

Mlima wa mawe ungekuonyesha unakokwenda. Msituni unaona shina, nyuma yake shina, nyuma yake ukungu. Jua linazama mnamo saa 12 na nusu jioni, lakini chini ya miti giza haliangalii saa.

Kwa hiyo mchukue mwenyeji. Simaanishi yule mshikaji wenu aliyewahi kufika mwaka juzi, namaanisha mtu wa palepale. Anzeni ofisi ya kijiji, shikamoo kwa wazee kwanza, maana ule ni msitu wa hifadhi na kibali kinahitajika. Malipo myamalize kabla hamjaondoka. Watani zetu Wapare kwa hesabu hawana mchezo, na hapo nawaunga mkono. Njiani geuka nyuma mara kwa mara, njia ya kurudi haifanani na ile uliyopanda. Ramani ya simu inasaidia mpaka chaji ikate.

Kuna wajuaji wanaobeba panga na kuchanja miti eti alama za kurudia. Acheni ushamba huo. Mtu wa Chekereni hahitaji kufundishwa maji ni nini. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, umekwishaona mpunga ukigombea maji ya Njoro na Rau na wakulima wa juu ya mfereji. Usangi nao wana yao. Upareni kuna ndiva, mabwawa madogo ya kienyeji yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba. Tangi la maji hayo ni misitu ya huko juu.

Humo humo anaishi chura mdogo, Callulina laphami, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2010. Dunia nzima yuko Pare Kaskazini tu, misitu ya Kindoroko na Minja. Usimkanyage. Na Upareni kuna vijisitu vya matambiko. Mwenyeji akisema hapa hatupiti, zunguka, maswali utauliza jioni.

Kufika ni rahisi: Moshi, Himo, Mwanga, halafu gari la kupanda Usangi. Lala hukohuko ili mwanze alfajiri. Viatu vyenye meno, sweta, maji. Ndala ziache nyumbani. Masika, Machi hadi Mei, tope litakutesa bure.

Na juu kuna nini? Miti! Ila kwenye mwanya, siku ikiwa nzuri, upande mmoja unaona Ziwa Jipe na Kenya ng'ambo yake, upande mwingine Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kaskazini kule Kilimanjaro mzima mzima, Kibo na Mawenzi, na hujalipia geti lake hata senti. Kula ndizi zako, maganda tia kwenye begi. Saa 7 mchana ikifika, hata kama kilele hamjakiona, geuzeni.