Ngazi za Kesho Yake

Mtazame mkimbiaji wa mita 100 akishuka ngazi siku moja baada ya mazoezi makali. Anashika ukuta, anashuka kiubavu, kama mzee. Jana huyo huyo alikuwa akifyatuka kama mshale.

Tangu Ferdinand Omanyala akimbie kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Septemba 18, 2021, na kuweka rekodi ya Afrika, vijana wanazitamani mbio fupi. Linaloniuma ni kuona wakipigishwa mbio za kasi kila siku, eti anayepumzika ni mvivu.

Nishati ya kufyatukia, fosfokreatini, huisha kwa sekunde chache tu, na dakika tatu hadi tano za kutembeatembea huirudisha karibu yote. Hilo ni jepesi. Kazi iko nyuma ya paja. Mguu unaporushwa mbele, misuli ya hapo huukamata kama breki, ikikaza huku inavutwa. Mvuto huo ndio unaochana nyuzi zake, michaniko midogo ambayo jicho haliioni. Maumivu huja polepole, yakazidi kati ya saa 24 na 72.

Viwanjani bado wanailaumu asidi ya laktiki. Wanaionea. Laktiki huondoka katika damu ndani ya saa moja hivi, na tangu 1902 mtafiti Theodor Hough alishaeleza kwamba maumivu haya hutokana na kuchanika ndani ya misuli yenyewe.

Palipochanika hushonwa kwa chakula na usingizi. Ugali hurudisha wanga uliotumika. Maharagwe, mayai, omena na maziwa huleta protini ya kujengea. Usingizi mzito ndio wakati mwili unapomwaga homoni ya ukuaji kwa wingi, kwa hiyo kijana anayekesha na simu anajinyima dawa ya bure. Kuchuliwa hupunguza maumivu. Maji ya barafu pia hutuliza, lakini mwenye kuyatumia kila baada ya mazoezi ya nguvu anaweza kupunguza ukuaji wa misuli anayoijenga. Kinachonitisha kabisa ni tembe za maumivu zinazomezwa ili mtu arudi uwanjani: uchungu unanyamaza, jeraha linabaki.

Walimu wangu wa riadha, nawasihi: mkimfyatua kijana Jumatatu, mpeni angalau saa 48 kabla ya kumfyatua tena. Jumanne atembee, akimbie taratibu, anyooshe viungo, arudi nyumbani mapema. Na Jumatano asubuhi, kabla hajavaa spaiki, mwambieni kwanza ashuke ngazi.